Kabla Mwenge Haujaanza Safari: Mambo ya Kuzingatia

Ukiandaa mbio za mwenge kama ule wa Olimpiki, panga kila kitu ukijua kwamba mwenge utazimika njiani. Hilo si aibu. Usichoruhusu kuzimika ni moto mama, ule uliowashwa kwenye sherehe ya mwanzo na unaosafiri ndani ya taa zenye kioo, za aina inayotumiwa na wachimbaji wa migodini. Mwaka 1976, kwenye Olimpiki ya Montreal, Kanada, mvua ilizima moto wa uwanjani, na ofisa mmoja akauwasha kwa kiberiti cha gesi. Ikabidi uzimwe tena, uwashwe upya kwa moto wa akiba uliotoka Olympia, Ugiriki, mahali moto wa Olimpiki huwashwa. Mwaka 2013, mwenge wa Olimpiki ya Sochi, Urusi, ulizimika kwenye ikulu ya Kremlin, Moscow, na mlinzi akachomoa kiberiti chake mbele ya kamera. Kwa hiyo mapema kabisa amua nani ana ruhusa ya kuwasha upya, na hakikisha mtu huyo hakai mbali na taa.

Akiba huanza siku ya mazoezi. Kule Olympia moto huwashwa kwa kioo kilichobonyea kinachokusanya miale ya jua, na wingu moja tu linatosha kuharibu shughuli. Ndiyo maana moto wa siku ya mazoezi hutunzwa. Mwaka 2024 mawingu yalitanda na huo ndio uliotumika. Moto ukishapatikana, ugawe kwenye taa kadhaa na uzisafirishe katika magari tofauti, maana taa zote zikiwa kwenye gari moja, ajali moja inamaliza kazi. Kila taa ijazwe mafuta na utambi ukatwe kwa zamu, moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja. Usiku zikae chumba chenye hewa, na walinzi wawe wawili ili mmoja akisinzia mwingine awepo. Magari yanayobeba taa yasiingie kituo cha mafuta moto ukiwa ndani. Kama kuna safari ya ndege, kibali cha kubeba moto kiombwe mapema sana, kwa sababu hakuna rubani atakayeupokea kwa maneno matupu.

Mienge yenyewe ndiyo yenye kazi nyingi. Mingi hutumia mtungi mdogo wa mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Butani huacha kugeuka gesi ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huendelea hadi chini ya -40, kwa hiyo mchanganyiko wa nchi ya joto hauwezi kutumika kwenye theluji. Hata penye joto, gesi inapotoka hupoza mtungi wenyewe, nguvu hushuka na moto hufifia. Pima kila mtungi kwa mizani asubuhi, kwani kwa macho hutajua upi umejaa. Jaribu mwenge mbele ya feni kubwa, chini ya bomba la mvua, na ukiwa umeinamishwa, kwa sababu mkimbiaji aliyechoka huulaza. Ukizimika kwenye majaribio, kagua kwanza kama mtungi umekazwa na koki imefunguka yote. Mara nyingi kosa liko hapo.

Tenga takriban mita 300 kwa kila mkimbiaji, na gesi itoshe zaidi ya mara mbili ya muda anaohitaji, maana watu husimama kupiga picha. Kwenye makabidhiano, anayepokea hufungua koki kwanza, vichwa vya mienge vigusane, kisha anayetoa afunge yake. Wakigeuza mpangilio huo, wote wawili wanabaki gizani. Mfundishe kila mmoja kwa mwenge halisi, si fimbo: wa London 2012 ulikuwa na takriban gramu 800, na mkono ulionyooshwa huanza kutetemeka mapema. Nywele ndefu zifungwe. Mwenye kiti cha magurudumu apate kishikizo kilichojaribiwa kwenye kiti chake mwenyewe.

Njia ipitiwe kwa gari saa ileile ya siku ya tukio, ukitazama juu: nyaya, matawi, mabango ya kitambaa, paa la lango la uwanja. Andika pia sehemu ambazo upepo hupenya kati ya majengo, na hapo gari lenye taa lisogee karibu na mkimbiaji.