Namna ya kuwatoa majirani ndani kwa WhatsApp waje kuzibua mtaro

Mwezi uliopita dada mmoja wa mtaa wa pili alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametuma tangazo la kuzibua mtaro kwenye grupu lao lenye watu 180. Walioweka dole gumba walikuwa 41. Jumamosi asubuhi walifika 3, yeye na mwanawe wakiwemo. Tukakaa barazani tukapanga upya, na haya ndiyo niliyomweleza. Nimekuwa nikiyafanya kila mwaka kabla ya masika, hapa kwetu Dar es Salaam, karibu na bonde la Msimbazi. Waliokuwepo Desemba 2011 wanakumbuka maji yalivyoingia majumbani, na mtaro ukishaziba hata mvua ya siku moja inatosha kulowesha godoro.

Hatua ya 1: Taja kipande. "Tusafishe mtaa" hakuna anayejua inaishia wapi. Andika: kuanzia kalavati la dukani kwa Mangi hadi kona ya msikiti.

Hatua ya 2: Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Nenda kwa miguu, usiwapigie simu. Chagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ndiyo siku ya usafi nchi nzima na watu wameshaizoea.

Hatua ya 3: Picha. Piga asubuhi, simama mahali utakapokumbuka, kitu kinachojulikana kionekane pembeni, kama nguzo ya umeme au mti. Mlango wa mtu usionekane, wala watoto. Mwaka mmoja nilirusha picha iliyoonyesha uwani kwa mama mmoja, chupa za plastiki zimejaa hadi ukutani kwake. Sikumtaja, lakini kila mtu alipajua. Alitoka kwenye grupu usiku uleule, na wanawe watatu, vijana wa nguvu, hawakushika koleo mwaka ule. Nilikwenda kumwomba radhi, na ilinichukua muda hadi akanikaribisha kiti.

Hatua ya 4: Kuomba watu. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo yule dada alipokwama.

Tangazo la grupu kila mmoja anadhani linamhusu mwenzake. Kwa hiyo usianze na grupu. Andika majina 15 kwenye karatasi, na mbele ya kila jina kitu kimoja unachomwomba: huyu toroli, huyu sepeto mbili, huyu reki, yule viroba, mwingine gambuti na glovu, mama fulani chai. Kisha mfuate kila mmoja kwenye namba yake mwenyewe. Msalimie kwanza, halafu uliza hivi: "Shikamoo mzee. Tunaliomba toroli lako Jumamosi, saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Nije kulichukua Ijumaa jioni?" Swali la Ijumaa jioni ndilo linalomfanya ajibu. Ukimwambia "karibu sana tusafishe", atakujibu "pamoja sana" na habari imeishia hapo.

Yule dada alikuwa ametumia pia ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mkupuo. Alishinda nayo nusu siku akishangaa kwa nini hajibiwi. Ujumbe wa namna hiyo haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake, na wengi hawakuwa nayo. Tuma mmoja mmoja, hata kama vidole vitauma.

Kwa wazee tumia ujumbe wa sauti, usizidi nusu dakika. Wengine macho hayasomi vizuri, wengine wanapenda tu kusikia mtu. Ukimpata bibi anayeheshimiwa mtaani, mwombe arekodi yeye. Sauti yake itafika mahali ambapo yako haifiki.

Kura za WhatsApp sizipendi kabisa kwa kazi hii. Mtu akishabonyeza "nitakuja" anaona ameshatoa mchango wake.

Wasabato wanasali Jumamosi. Usiwaite siku hiyo, wala usiwasahau. Waombe vifaa mapema Ijumaa, au waachie kipande cha mwisho Jumapili. Kwetu hicho ndicho kipande kinachotoka safi kuliko vyote.

Ukishapata majina 10, sasa ingia kwenye grupu: "Toroli lipo. Sepeto zipo. Chai ipo. Tunakosa watu wanne wa upande wa msikiti." Watu huja haraka kwenye shughuli iliyokwisha kuanza. Ijumaa usiku kumbusha mara moja tu. Jumamosi saa 12 kamili tuma picha yako ukiwa umesimama mtaroni na koleo, bila maneno mengi. Na wasiofika usiwataje, iwe siku ile au baadaye.

Hatua ya 5: Gari la tope. Tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Panga guta au kirikuu kabla ya siku yenyewe. Mchango upokelewe na mtu mwingine, asiwe wewe, na picha ya risiti iwekwe kwenye grupu siku ileile.

Hatua ya 6: Picha ya pili. Simama palepale pa asubuhi ile, nguzo ileile pembeni. Weka kwenye grupu na stetasi kabla watu hawajaoga. Taja kila aliyeleta kitu, hata aliyeleta sukari. Facebook na Instagram si lazima. Zinafaa kwa ndugu walio mbali wanaotaka kuchangia gari.

Yule dada alituma jumbe 17 za sauti. Walifika 14. Stetasi inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo nimemwambia azihifadhi zile picha mbili kwenye simu, atazihitaji Septemba kabla ya vuli.