Gemu likiganda, tatizo si spidi: kunyoosha intaneti ya nyumbani Unguja na Pemba

Kabla hujaongeza fedha kwenye kifurushi, pima. Gemu lenyewe, mkishaanza kucheza, hula data kidogo sana. Magemu mengi ya mtandaoni hayafiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Kinacholiharibu ni pingi, yaani muda wa pakiti (kipande kidogo cha data) kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi, na zaidi ya pingi yenyewe ni kuyumba kwake. Pingi ya milisekunde 140 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) iliyotulia inachezeka kuliko ya 60 inayoruka hadi 400 kila baada ya muda mfupi. Mkono huzoea kuchelewa kwa kiwango kimoja, lakini hauwezi kuzoea kuchelewa kunakobadilika kila mara.

Njia ya pakiti ina vipande vitatu: kutoka kifaa chako hadi ruta, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka hapo hadi seva. Vipime kimoja kimoja. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, uandike ping -n 100 192.168.1.1, ukiweka anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi imebandikwa chini ya ruta. Kwa waya, majibu yote yawe chini ya milisekunde 2. Kwa Waifai, 2 hadi 10 si vibaya. Ukiona 3, 4, 85, 3, 210, maradhi yamo ndani ya nyumba na hakuna kifurushi kitakachoyatibu. Ndani kukiwa salama, rudia kipimo kwa 1.1.1.1, anwani ya seva ya umma iliyo nje ya nyumba, mara moja alfajiri na mara nyengine baada ya Isha, saa ambazo mtaa mzima umo mtandaoni. Vizuri alfajiri na vibaya usiku maana yake ni msongamano kwa mtoa huduma au kwenye mnara.

Nyumba nyingi huanguka kwenye kipande cha kwanza. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, na mawimbi ya Waifai ya gigahezi 5 yakivuka ukuta mmoja wa namna hiyo hubaki hafifu mno. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini ndiyo yanayogombaniwa na kila ruta ya jirani, oveni za maikrowevu na spika za Bluetooth. Kwenye fleti za Michenzani ukuta ni mwembamba kidogo, ila msongamano ni mkubwa. Humo ndani ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Angalia kwa programu ya simu ipi ina majirani wachache, uifunge ruta hapo badala ya kuiachia ichague yenyewe. Ikiwa ruta na kifaa vimo chumba kimoja, tumia 5 bila kusita.

Lakini dawa hasa ni waya. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Dukani kuna nyaya za alumini iliyopakwa shaba, bei yake ndogo, na kwa hewa yetu ya chumvi hazidumu: alumini huota kutu nyeupe kwenye kichwa, hukatika ukiikunja, na pakiti zinaanza kupotea bila taa ya ruta kuonyesha kosa lolote. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ndani kukiwa kweupe, urudishe. Pa kupita nje chagua waya wenye ganda jeusi la kustahimili jua, na kabla haujaingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya masika yadondokee nje. Kuta za chokaa usizitoboe ovyo, hubomoka. Pitisha waya juu ya mwimo wa mlango au kandokando ya boriti. Urefu usizidi mita 100.

Ukifunga vichwa mwenyewe, geuza kichwa klipu ikiwa chini, kisha panga kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Kosa linalorudiwa sana ni kuweka kijani na nyeupe-kijani pamoja. Spidi inaweza kuonekana ipo, lakini jozi inakuwa imevunjwa na waya mrefu unaanza kupoteza pakiti.

Sasa foleni. Hili ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza kwa nini gemu linaganda pale tu mtu wa nyumbani anapopandisha video. Ruta ina ghala la pakiti zinazosubiri kutoka. Video ikilijaza, pakiti ndogo ya gemu inakuwa kama abiria mwenye mfuko mmoja tu, amesimama bandarini Malindi nyuma ya rukwama kumi za mizigo. Hakuna aliyemzuia, ila boti inamwacha. Kuhakikisha, acha ping iendelee, kisha pandisha faili kubwa. Pingi ikitoka 50 ikaenda 300, foleni ndiyo hiyo.

Tiba yake ni ruta kusimamia foleni yenyewe. Tafuta kwenye mipangilio SQM, kipengele cha kupanga foleni, au kwenye ruta zenye OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) chagua CAKE, njia yake ya kupanga foleni. Pima spidi halisi mara tatu usiku, chukua iliyo ndogo, uweke asilimia 85 yake kwa kushusha na vivyo hivyo kwa kupandisha. Ikiwa umepima 20 kushusha na 6 kupandisha, weka 17 na 5. Unatoa sadaka megabiti chache ili ghala lisijae upande wa mtoa huduma, mahali usipoweza kupagusa. Kwa laini ya 4G spidi hubadilika kila saa, kwa hiyo shuka hadi asilimia 70. Ruta isiyo na SQM inaweza kuwa na kikomo cha spidi kwa kila kifaa. Si kizuri kama SQM, ila kinasaidia. Na masasisho ya gemu, ambayo hufika makumi ya gigabaiti, yapangie usiku wa manane.

Kwa anayetumia 4G, hasa pahala ambapo faiba haijafika, fungua ukurasa wa ruta utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele). RSRP ya -85 ni nzuri kuliko -105. Ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. SINR iwe juu ya 13. Chini ya 5 utahangaika hata kama pau za mtandao zimejaa. Sogeza ruta dirisha baada ya dirisha, ukisubiri dakika mbili kila pahala, uandike namba. Bati la paa hurudisha mawimbi nyuma, kwa hiyo kuipandisha ruta darini chini ya bati mara nyingi hakuongezi kitu. Ukifunga antena ya nje, waya wake uwe mfupi, maana waya mwembamba wa antena hula nguvu kila mita. Ni bora ruta ikae juu karibu na antena na waya wa mtandao ndio ushuke chini kwenye gemu. Radi ikianza, chomoa vyote.

Kipande cha tatu hukitawali, ila unachagua seva. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde, na pakiti lazima irudi, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ya kebo huongeza milisekunde 10. Jaribu seva za Afrika Kusini na za Ghuba kabla ya Ulaya, na uchague kwa kipimo, si kwa ramani, kwani kebo haziendi mstari ulionyooka. Siku pingi inapanda ghafla kwa kila mtu, usibomoe mpangilio wako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Hakuna ruta ingeweza kusaidia. Muulize kwanza jirani mwenye laini ya kampuni nyengine.

Gemu likikuambia NAT imefungwa, yaani ruta inazuia wachezaji wengine kukufikia, washa kwenye ruta UPnP, ruhusa ya gemu kujifungulia njia yenyewe. Isipobadilika, angalia anwani ya nje ya ruta: ikianza na 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Muombe anwani ya umma. Hili huwaumiza zaidi wachezaji wa magemu ya mpira yanayounganisha watu wawili moja kwa moja.

Mwisho, umeme. Ruta ikizimika kwa sekunde moja, huchukua dakika mbili tatu kurudi mtandaoni, na mechi imeshakwenda. UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta yenye betri za 8,800 mAh kwa volti 3.7 ina takriban Wh 32, yaani wati 32 kwa saa moja. Ruta ya wati 8 itadumu kama saa tatu, ukitoa upotevu. Soma kibandiko cha adapta kwanza: ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye tundu la 12 huweza kuungua papo hapo, na kichwa cha waya kinaingia vilevile. Kama una kisanduku cha faiba ukutani, nacho kiunganishe kwenye UPS hiyo hiyo, maana ruta peke yake bila kisanduku hicho haina intaneti.