Anzeni na "na-na-na", maneno baadaye

Kwa mpiga gitaa aliyeko Ujiji na mwimbaji aliyeko Mwanga, hapa Kigoma, wanaotungiana nyimbo kwa WhatsApp: kabla hamjaandika mstari hata mmoja, mwimbaji aimbe "na-na-na" juu ya gitaa, arekodi kwa simu, amtumie anayeandika maneno. Huyo ahesabu mizani (silabi) za kila mstari kama mshairi, kisha aweke alama pale mdundo unapopiga kwa nguvu. Hapo ndipo iangukie silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, maana mkazo wa Kiswahili hukaa hapo karibu mara zote. Ukiikosa, utasikia "nyumBA" badala ya "NYUmba", na msikilizaji atahisi neno limepindwa hata asipojua kwa nini. Usimlazimishe mwimbaji avumilie. Andika "nyumbani": mkazo unahamia wenyewe kwenye "ba", ili mradi kuna noti moja zaidi ya kubebea "ni". (Wengi hukimbilia kubadilisha melodi, kazi kubwa ya bure.)

Njia hii haifai mahali pawili. Kwanza rap, ambako maneno yenyewe ndiyo mdundo. Pili, na hapa Kigoma hutokea sana, kiitikio kikiingia Kiha. Kiha ni lugha ya toni, sauti kupanda au kushuka hubadilisha maana, kwa hiyo anayekijua vizuri autamke mstari kwanza kwa kawaida, gitaa lifuate.