Helmeti ya hoki ya barafu kwa mtoto: kuchagua, kukaza na kujua imechoka

Sare ya shule tunanunua kubwa kidogo, viatu tunaongeza namba moja, mtoto akulie humo. Helmeti ya hoki ya barafu hainunuliwi hivyo. Mtoto ataanguka leo, si mwaka kesho, na ile nafasi uliyomwachia ya kukulia ndiyo inayoifanya izunguke kichwani, ishuke machoni, au ipande na kuacha kisogo wazi wakati barafu inampokea. Kosa hili ni la kawaida mno, hasa katika familia zilizohamia Kanada na Marekani, ambako mtoto huingizwa timu kabla mzazi hajawahi hata kukishika kifaa chenyewe.

Tujue kwanza inafanya kazi gani. Paki, kile kisahani kinachopigwa kwa magongo, ni kipande cha mpira mgumu chenye upana wa sm 7.6, unene wa sm 2.5 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Kikimpata mtoto, au akigonga ukuta wa uwanja, ganda la nje husambaza pigo na sponji ya ndani hulimeza. Hapo fuvu linakingwa vizuri. Mtikisiko wa ubongo ni habari nyingine: kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, ubongo ndani yake unaendelea na safari, na hakuna helmeti iliyowahi kuzuia hilo kabisa. Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani kilipotoa nyota zake za kwanza za ubora, tano zikiwa ndiyo juu kabisa, kwa helmeti za hoki mwaka 2015, kati ya 32 zilizopimwa hakuna iliyofikia nyota nne. Tangu hapo zimeboreka, na orodha yao inasomwa bure mtandaoni. Itazame kabla ya kununua, ila ukumbuke kuwa helmeti ya nyota tano inayocheza kichwani haiwezi kukupa kile ulichoilipia.

Soma lebo kabla ya bei

Marekani, mchezaji mtoto anatakiwa avae helmeti yenye stika ya HECC, baraza la kule linalothibitisha vifaa vya hoki. Stika hiyo ina mwezi na mwaka wa mwisho, na hesabu yake ni miaka 6 na nusu tangu ilipotengenezwa, si tangu uliponunua. Helmeti iliyokaa dukani miaka mitatu na sasa inauzwa nusu bei imeshapoteza miaka mitatu. Kanada wanatumia stika ya CSA, shirika lao la viwango, nayo haina tarehe ya kuisha, kwa hiyo kule uamuzi uko kwenye hali ya helmeti na maelekezo ya mtengenezaji. Ulaya utakuta alama ya CE, ya kutimiza masharti ya huko. Wavu wa uso, yaani ule wa waya unaokinga uso, una lebo yake mwenyewe. Usidhani ya helmeti inautosha.

Stika isibanduliwe wala kufunikwa. Na usiongeze zako: gundi ya baadhi ya stika, rangi ya kupuliza na tina ya kuzimulia rangi huila plastiki polepole, na nyufa zake hazionekani mpaka siku ya pigo. Kutoboa tundu, kukata sponji au kung'oa vikinga vya masikio nako kunaiondoa helmeti kwenye hali iliyopimwa.

Ya mtumba inakubalika ikiwa tarehe bado iko hai na unajua historia yake. Hili liwafikie pia wanaopokea vifaa kutoka nje kwa ajili ya vijana wa Nairobi, mji wa timu ya Kenya Ice Lions: fungua boksi, geuza kila helmeti, soma stika, ndipo ugawe.

Ya baiskeli haiwezi kuchukua nafasi yake. Sponji ya baiskeli imeundwa ipondeke mara moja kisha itupwe; ya hoki imeundwa ipokee mapigo mengi madogo na kurudi katika umbo lake.

Kupima kichwa, pamoja na nywele zake

Chukua futi ya fundi cherehani. Kama huna, kamba isiyovutika na rula vinatosha. Zungusha juu ya nyusi kwa sm 2.5, yaani kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima, ipite juu kidogo ya masikio na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, uchukue namba kubwa. Kisha soma jedwali la kampuni husika, kwa sababu ndogo ya kampuni moja si ndogo ya nyingine. Namba ikiangukia katikati ya saizi mbili, jaribu zote na uchukue ndogo isiyoumiza.

Maelekezo ya dukani huwa hayasemi lolote kuhusu nywele zetu, na kwa watoto wetu hapa ndipo vipimo vinapoharibika. Msichana aliyepimwa akiwa na nywele fupi, akasukwa rasta nene wiki iliyofuata, ana kichwa kingine kabisa. Mpime akiwa na mtindo atakaoingia nao barafuni. Twende kilioni nyembamba zilizolala ni nzuri kuliko zote, kwa sababu helmeti inashika kichwa sawasawa kila upande. Mabutu na fundo la utosini haviwezekani: helmeti inakaa juu ya fundo badala ya kukaa kichwani, na pembeni kunabaki pango. Rasta ndefu zifungwe chini kabisa, shingoni, zitoke nje chini ya ukingo wa nyuma. Shanga, vibanio na pini zitolewe zote. Kitu kigumu kikiwa kati ya sponji na fuvu, pigo zima linakusanyika pale kilipo. Anayevaa hijabu atumie ile ya michezo, kitambaa chepesi cha tabaka moja kisicho na pini, naye apimwe akiwa ameivaa.

Akibadilisha msuko, rudia kukaza upya. Ni kazi ya dakika tano.

Kuivalisha na kuikaza

Helmeti nyingi za hoki zina ganda la vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Kinachovishika ni ama viwiko viwili vya kufungua kwa kidole pembeni, ama skrubu. Fungua viwiko, au legeza skrubu bila kuzitoa, kisha vuta vipande mpaka helmeti ifikie ukubwa wake wa mwisho. Mvishe mtoto. Ukingo wa mbele ukae upana wa kidole kimoja juu ya nyusi. Ukiwa juu ya hapo paji la uso liko wazi. Ukiwa chini hataona paki inayokuja kwa juu, naye ataisukuma nyuma mwenyewe mara tu ukigeuka.

Sasa sukuma vipande vikaribiane kidogo kidogo, huku ukimwuliza. Simama pale sponji inapogusa kichwa pande zote bila kuuma sehemu yoyote, halafu funga. Zenye kibano cha kisogoni zikazwe mwisho, kishike lile tuta la fuvu kwa chini.

Mkanda ukiwa bado haujafungwa, mwambie atikise kichwa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Halafu shika helmeti kwa mikono miwili uizungushe polepole huku ukitazama nyusi zake. Nyusi na ngozi ya paji zikisogea pamoja na helmeti, imeshika. Helmeti ikizunguka na nyusi zikabaki zimetulia, bado kubwa.

Mwache aivae dakika kumi na tano nyumbani. Alama nyekundu nyepesi inayopotea muda mfupi baada ya kuvua ni ya kawaida. Akilalamika kichwa kinauma, tafuta ni wapi. Ikibana kwenye panja huku mbele na nyuma kukiwa na nafasi, tatizo ni umbo: kichwa chake ni cha mviringo na helmeti ni ya vichwa virefu. Ikibana paji na kisogo huku pembeni ikilegea, ni kinyume chake. Katika hali zote mbili kuongeza saizi hakusaidii. Badilisha modeli au kampuni. Wazazi wengi hukimbilia saizi kubwa hapa, na hapo ndipo helmeti inayocheza inapoingia nyumbani.

Mkanda wa kidevu upite chini ya kidevu, ubane kiasi cha kidole kimoja kupita kati yake na ngozi. Mwambie afungue kinywa wazi: anapaswa kuhisi helmeti ikivutwa chini utosini. Mkanda unaoning'inia ni sawa na kutokuwepo, maana pigo la kwanza litaing'oa helmeti na la pili, la barafu, litamkuta kichwa wazi.

Wavu wa uso

Wavu lazima uwe wa saizi ya helmeti na uwe umeorodheshwa kufaa kwa modeli hiyo. Juu unashikwa na skrubu kwenye paji la helmeti, ndiyo bawaba yake. Pembeni waya wake unalala ndani ya vishikio viwili vya plastiki vyenye umbo la ndoano, karibu na panja, na mikanda miwili inabanwa kwenye vifungo vya pembeni. Chini kuna kikombe laini cha kidevu: mtoto akifunga kinywa, kidevu kitulie ndani yake bila kusukumwa. Vuta wavu chini, usukume juu, usukume na ndani. Haupaswi kugusa pua wala midomo hata kidogo.

Vile vishikio vya ndoano ni vidogo, bei yake ni ndogo, na ndivyo vinavyopotea mara nyingi kuliko kitu kingine. Bila vyenyewe, wavu ukipigwa kwa mbele hauna pa kuegemea, unaingia usoni. Nunua pea ya akiba, pamoja na skrubu chache, uziweke kwenye begi.

Waya uliopinda usiunyooshe kwa koleo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kimeshadhoofika. Badilisha wavu wote.

Ukaguzi na usafi

Mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila mashindano, pita na bisibisi ya mkono. Skrubu zikazwe mpaka zitulie tu. Ukitumia drili ya umeme utalipasua ganda kuzunguka tundu. Yenye kutu itolewe. Pitisha kidole kando ya kila tundu na kingo zote kutafuta ufa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba sehemu kadhaa, ulinganishe kushoto na kulia: iliyobaki na shimo, iliyokauka ikameguka au iliyobanduka kwenye ganda imekwisha kazi. Kama kichwa cha skrubu kinagusa ngozi ya kichwa, pedi ya pale imetoka.

Baada ya mazoezi itoe kwenye begi ikauke kwenye hewa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uifute, basi. Dawa kali za kusafishia, mashine ya kukaushia na hita ya ukutani huiharibu, na buti ya gari wakati wa kiangazi ni tanuri. Mafuta ya nywele yafutwe kila mara, maana sponji yenye mafuta inateleza.

Akipigwa kichwani

Mtoe barafuni hapo hapo, hata kama anasema yuko sawa na hata kama zimebaki dakika mbili. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kichefuchefu, kukimbia mwanga, au mzazi kuona tu kwamba mwanangu si yule: yoyote kati ya hizi ina maana harudi uwanjani siku hiyo, na baadaye atarudi kwa hatua, kwa ruhusa ya daktari. Akizimia, akitapika tena na tena, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maumivu yakizidi kupanda, piga simu ya dharura. Hata helmeti ikiwa haijapata mkwaruzo, mtoto anaweza kuwa ameumia.

Nayo helmeti iliyopokea pigo hilo iweke kando. Vua wavu, toa pedi zinazotoka, ikague kwenye mwanga mkali ndani na nje. Ukikuta ufa, sponji iliyobonyea au skrubu iliyozama, kata mkanda wake kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije mtoto mwingine akaiokota na kuivaa.