SOMO: Kuchuja maji ya barabarani kwa mchanga na mboji

Wakuu, mvua ikiosha lami inashuka na mafuta, shaba ya breki, zinki na vumbi la matairi. Kule Seattle, Marekani, samoni aina ya koho walikuwa wanakufa vijitoni saa chache baada ya mvua, mayai yakiwa bado tumboni. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio lao: samaki waliotiwa kwenye maji ghafi ya barabara kuu walikufa wote, waliotiwa kwenye maji hayohayo yaliyopitishwa kwanza kwenye mchanga na mboji waliishi wote. Sumu yenyewe ilijulikana mwaka 2020. Inaitwa 6PPD-kwinoni, na inatokana na kemikali ya kuzuia matairi yasipasuke-pasuke, ikikutana na gesi ya ozoni ya hewani. Yaani udongo ulitibu kabla ugonjwa haujapewa jina.

Hatua ya 1. Chagua mahali pa kuweka kitanda cha kuchujia, pale maji ya barabara yanapoelekea, angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba. Chimba kwanza shimo la majaribio la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaishe, lijaze tena. Ukikuta maji kesho yake, tafuta mahali pengine.

Hatua ya 2. Chimba shimo la kitanda chenyewe. Kwa kila ndoo 3 za mchanga changanya 2 za mboji, ujaze humo kina cha sentimita 45. Mchanga unapitisha maji, mboji inashika sumu na kuwapa makazi bakteria wanaokula mafuta. Mboji iwe imeiva kabisa. Ukiweka samadi mbichi, maji yatatoka na nitrojeni na fosforasi nyingi kuliko yalivyoingia. Na jamani, msishindilie! Wengi wanaharibu hapa, wanaponda udongo kama wanajenga msingi.

Hatua ya 3. Juu bakiza sentimita 15 za maji kutuama. Tandaza magome ya miti, panda nyasi zenye mizizi mirefu, weka mawe pale maji yanapoingilia, na acha upenyo wa maji ya ziada.

MASWALI

Mkuu, masika ya Dar si manyunyu ya Seattle. Itahimili?
Yote haitayameza, ndiyo maana nikasema upenyo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu zaidi. Kamata hiyo.

Naweza kupanda mchicha humo?
Hapana. Zinki haijapotea, imehamia kwenye udongo huo. Nyasi ya vetiva inatosha.

Vipi mbu?
Kiluwiluwi anahitaji kama wiki hivi kuwa mbu, na maji haya yanatakiwa yawe yamezama ndani ya saa 48. Yakizidi hapo, ujue tope limeziba juu. Kwangua sentimita chache, weka magome mapya. Yale ya zamani usiyapeleke shambani.