Kuthubutu Ukiwa Kigoma: Namna ya Kufuata Njia Yako Bila Kukata Undugu

Anayetaka kubadili maisha yake mara nyingi husema "naogopa", kisha huishia hapo. Hofu hiyo huwa ni mbili zilizochanganyika: hofu ya hasara na hofu ya aibu. Ya kwanza hutulizwa na hesabu. Ya pili hutulizwa na mazungumzo na watu. Usipozitenganisha, utakesha ukipiga hesabu za pesa wakati kinachokunyima usingizi ni uso wa baba yako.

Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika vinavyoweza kupotea: shilingi, miezi, kazi uliyonayo, nafasi ya chuo. Upande wa pili andika majina ya wale unaowaogopa. Usiandike "watu watasema". Andika ni nani hasa. Ujiji na Mwanga nyumba zimepakana, na habari hufika barazani kabla ya mwenyewe kuitoa, kwa hiyo mtu huhisi mji mzima unamtazama. Akishaandika majina hukuta ni wanne au watano: baba, kaka aliyemlipia ada, mama mkubwa, jirani mmoja, pengine sheikh au mchungaji wake. Watu watano unaweza kukaa nao ukaongea.

Chini ya majina hayo andika unachotaka kwa sentensi moja yenye tendo linaloonekana kwa macho. "Nataka kuwa huru" haipimiki. "Nataka kutoka kwenye mtumbwi wa kaka nitengeneze sabuni za mawese za kuuza" inapimika. Vilevile "nataka kusomea uchomeleaji chuo cha ufundi cha VETA badala ya kuolewa mwaka huu", au kwa aliye Tabora, "nataka kuacha tumbaku nifuge nyuki." Msomee mtu mmoja unayemwamini. Akiuliza "maana yake nini?", bado hujaipata.

Utajuaje kwamba tamaa hiyo ni yako, si ya kuiga uliyemwona kwenye simu? Nenda ukatumikie siku nzima upande mbaya wa kazi hiyo. Anayependa nyuki aende kurina usiku na moshi, aumwe, abebe ndoo hadi barabarani. Anayetaka kuuza dagaa awe mwaloni Kibirizi alfajiri, mitumbwi inapoingia na bei inapogombaniwa. Ukirudi umechoka na bado unauliza maswali, endelea. Ukirudi ukitafuta sababu za kutorudi tena, umejua mapema na hujapoteza kitu.

Jaribio dogo kwanza

Hapa ndipo wengi huharibu: wanaruka kutoka kwenye ndoto moja kwa moja hadi kuacha kazi. Katikati pawe na jaribio lenye mambo matatu yaliyoandikwa: kiasi cha juu cha pesa, tarehe ya mwisho, na kipimo cha kufaulu. Kiasi hicho kiwe kile ambacho kikipotea chote hutakopa chakula wala ada.

Tuchukue mfano wa sabuni, kwa kuwa mawese ni mali ya mkoa huu. Usianze na pipa, anza na kilo 1. Kwa kilo 1 ya mawese yaliyochujwa tumia gramu 134 za magadi moto yaliyo safi na makavu, wengine huyaita kostiki, na gramu 330 za maji. Kila kitu, hata mafuta, kipimwe kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu magadi yakizidi kidogo tu sabuni inachoma ngozi, na yakipungua inabaki laini na yenye mafuta. Fanyia nje, vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali. Mimina magadi ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya magadi, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Sufuria ya alumini usiitumie, magadi huila. Chukua ndoo ya plastiki ngumu. Acha maji hayo ya magadi na mawese uliyoyeyusha vipoe hadi uvuguvugu, changanya, koroga hadi ukiinua mwiko mchirizi unabaki juu kama wa uji mzito. Mimina kwenye kasha lililotandikwa nailoni, kata baada ya siku moja au mbili, kisha anika kivulini wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo jaribio la sabuni halipungui miezi miwili, na tarehe yako ya mwisho iheshimu hilo.

Kipimo cha kufaulu kisiwe sifa za ndugu. Shangazi atasema ni nzuri kwa sababu anakupenda. Uza kwa mtu asiyekujua, kwa bei kamili, kisha uone kama atarudi kununua tena. Wakirudi wachache kati ya wateja wako wa kwanza, una jambo la kupeleka mbele ya wazee. Wasiporudi, waulize kwa nini, rekebisha, rudia mara moja au mbili kabla ya kukata shauri.

Jaribio pia liwe na wakati wake ili usimwachie mwenzako mzigo. Wavuvi wa dagaa wa taa hupumzika mbalamwezi inapowaka, kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti tena samaki. Siku hizo ndizo za kujaribu kazi yako bila mtumbwi kukosa mtu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua aamue kabla ya kuchukua pembejeo za msimu mpya kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Akishachukua ana deni, na kulikimbia deni katikati ya msimu ni kuwatwika wenzake. Nyuki nao wana kalenda yao: mzinga utundikwe kabla ya miti ya miombo kuchanua.

Ngazi ya hofu

Hofu haiishi kwa kusubiri. Kila unapokwepa jambo unapata nafuu ya haraka, na mwili unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo hofu inakuja kubwa zaidi. Dawa ni kuikaribia kidogokidogo. Panga vitu vitano au sita kuanzia chepesi hadi kizito: kumwambia rafiki, kumtajia bei mgeni bila kujitetea, kupanga bidhaa soko la Mwanga asubuhi moja, kumwambia shangazi, kumwambia baba. Fanya cha kwanza, ukae nacho mpaka moyo utulie, ukirudie siku nyingine hadi kikuchoshe, ndipo upande. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, dakika mbili tatu. Maneno magumu yatamke kwa sauti ukiwa peke yako. Yakibaki kichwani hukwama mdomoni siku yenyewe.

Kuwaambia wazee

Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Usiende kwa baba na uamuzi uliokwisha. Pitia kwa mjomba, shangazi au bibi, mtu ambaye baba humsikiliza, umwonyeshe daftari lote, pamoja na hasara. Akikubali kukusindikiza, vizuri. Akikataa, sababu yake utaisikia kwake kabla hujaisikia kwa baba.

Usichague siku ya sherehe, wala mbele ya wageni, wala saa ambayo mzee ndiyo kwanza katoka ziwani. Baada ya chakula cha usiku panafaa. Salimia, kaa, subiri upewe nafasi. Kisha sema kitu kama hiki: "Baba, sikuja kuomba hela wala kukupinga. Samaki ndio walionisomesha, sisahau. Nimejaribu kazi nyingine kwa miezi miwili, hesabu yake hii hapa. Naomba unipe hadi mwezi wa kumi. Ikishindikana nitakuja kukwambia mwenyewe."

Ukisema "haya ni maisha yangu", mzee atasikia kwamba umemkana, na mazungumzo yameishia hapo. Akinyamaza, usiujaze ukimya kwa maelezo. Kunyamaza si kukataa. Akikataa, muulize kwa upole anaogopa nini. Mara nyingi jibu ni kitu kimoja, deni au binti kusafiri peke yake, na hicho kinaweza kujibiwa. Akisema kazi ya ziwani ndiyo salama, mkumbushe kwa heshima kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na nyumba nyingi zilitafuta riziki kwingine. Kazi iliyozoeleka nayo ina hatari zake.

Kabla ya kuagana, taja mchango wako wa nyumbani. Kama kila mwezi ulikuwa ukitoa unga au ada ya mdogo wako, sema wazi utaulipaje wakati wa jaribio: akiba, kibarua cha siku mbili kwa wiki, au makubaliano na kaka kwamba atabeba na wewe utamrudishia. Pengo hili lisipozungumzwa ndilo linalogeuza baraka kuwa chuki, hata pale wazee waliporidhia kwa moyo mweupe.

Mpango huu wote unadhani nyumbani kuna kusikilizana. Kama kuna kipigo au vitisho, usiende kuongea peke yako. Kaa kwanza kwa ndugu mwenye nyumba salama, na ufike dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi.

Mkopo usitangulie jaribio. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Lakini ukikopa ndani ya kikundi, deni hubebwa kwa pamoja; mmoja akitoroka, waliobaki ndio wanaoulizwa. Ingia na watu ambao umewaona wakilipa madeni madogo, walau kwenye kikoba.

Tarehe uliyoandika ikifika na kipimo hakijatimia, nenda kwa mzee siku hiyohiyo, kabla hajasikia barazani, ukiwa na daftari. Lipa wadai kwanza. Mizani na makasha yauze yangali mazima, au yatunze kama tatizo lilikuwa msimu na si kazi yenyewe. Kisha andika mistari miwili mitatu: kipi kilishindikana, kwa nini, na kipi kilikwenda vizuri. Ukurasa huo uhifadhi, kwa sababu mzee aliyeona umetimiza neno lako mara moja husikiliza ombi la pili kwa urahisi zaidi.