Kabla hujaomba ukaguzi wa ditekta ya chuma: yaliyotukuta sisi Tanga

Kama unafungasha pweza, dagaa au chochote chenye chumvi na mnunuzi wa nje anataka uthibitisho kwamba ditekta yako inanasa chuma, soma hapa kabla hujatuma barua ya kuomba ukaguzi. Fomu na makaratasi ya HACCP (mpango wa kuzuia hatari kwenye chakula) mnayajua, nayaruka.

Tafuta vipande vitatu vya majaribio, chuma cha kawaida, brasi na stenlesi, na namba ya kwenye kipande ifanane na ya kwenye cheti chake maana mkaguzi anaisoma. Vyetu ni milimita 1.5, 2.0 na 2.5. Stenlesi ndo kubwa sababu ndo ngumu kunaswa, sumaku haiishiki vizuri na umeme inaupitisha kwa shida.

Sasa tulipoumia. Mashine tuliiseti asubuhi na pweza wametoka friza, bloku ngumu kama jiwe, ikakubali vizuri tu. Saa nane mchana, na joto la Tanga mnalijua, bloku zimekaa zinasubiri zamu yake mpaka zinatiririka maji, mashine ikaanza kukataa boksi baada ya boksi na chuma hamna. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kwahiyo ditekta inahisi kitu. Kijana wa zamu akapunguza usikivu ili kazi isilale, hakumwambia mtu. Kesho yake mkaguzi kaweka stenlesi katikati ya boksi, likapita kimyaaa, mkanda unaenda tu. Mzigo wote tangu jaribio la mwisho lililofaulu tukaurudisha mashineni, siku nzima, na ombi tukaanza upya na kulipa tena.

Kwahiyo jaribu na pweza aliyeganda na huyo aliyeanza kuyeyuka, vyote viwili, na usikivu utakaoufunga uwe unaonasa hata kwa huyo wa pili. Kipande kipite katikati ya tundu la ditekta ambamo boksi linapita, hapo ndo mashine inasikia kidogo kuliko pembeni, halafu kiweke mbele ya boksi, kati na nyuma, urudie mara kadhaa na kila jibu liandikwe. Taa kuwaka haitoshi, boksi lenyewe lione limeangukia kwenye kasha la kufuli la yaliyokataliwa. Funga upepo wa kompresa, ule unaosukuma boksi lililokataliwa nje ya mkanda, uone kama mkanda unasimama wenyewe.

Baada ya hapo jaribio ni mwanzo wa kazi, kila saa, na mwisho. Na paswedi ya setingi abaki nayo mtu mmoja, jina lake liandikwe kwenye faili unaloambatisha na ombi.